Mikono Baridi, Nukta Zinazong'aa: Jinsi Damu ya Wagonjwa Ilivyofunua Siri ya Sentromia

Asubuhi za Juni na Julai mjini Sumbawanga huanza kwa baridi inayopenya makoti. Mji huo umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika likiwa chini upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Msafiri anayepanda kutoka Kasanga, au kutoka Bonde la Ziwa Rukwa, huliacha joto la ziwani na kabla ya siku kuisha hujikuta akitafuta sweta. Kwa wengi, baridi hiyo ni kero ya msimu tu. Kwa wachache ni adhabu: kuosha kikombe kwa maji ya kisima kunatosha kuvifanya vidole vyao vipauke, vife ganzi, kisha viume vikali damu inaporudi.

Mfano uliotungwa kutokana na dalili zinazofahamika za hali hiyo unaweza kusaidia. Mama mmoja wa makamo analima mahindi na maharage katika kijiji kilicho pembezoni mwa mji. Kwa miaka kadhaa vidole vyake vimekuwa vikipauka kila kipupwe kinapoingia, naye amekuwa akisema ni baridi yabisi. Baadaye vidole vikaanza kuvimba asubuhi hata pete ikakataa kuvuka kifundo. Kisha ngozi ikakaza, ikang'aa, ikawa haifinyiki. Sasa hawezi kukunja ngumi akaushika mpini wa jembe sawasawa. Ncha za vidole zina vidonda vidogo visivyopona, chakula hukwama kifuani, na usiku kiungulia humwamsha. Majirani wana maelezo yao. Jina la Sumbawanga lenyewe hufasiriwa na wenyeji kuwa ni wito wa kutupa uchawi. Lakini hata katika mji wenye jina kama hilo, ugonjwa usiojulikana haukosi mtu wa kubebeshwa lawama.

Ugonjwa huo una jina. Unaitwa skleroderma, yaani ngozi ngumu, nao ni mmoja wa magonjwa ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Kupauka kwa vidole kwa sababu ya baridi huitwa hali ya Raynaud, kwa jina la tabibu Mfaransa Maurice Raynaud aliyeieleza mwaka 1862. Jambo ambalo wagonjwa wengi hawajapata kuelezwa ni hili: damu ya watu wenye mikono ya namna hiyo ndiyo iliyowawezesha wanasayansi kuzitambua protini za sentromia, sehemu ya kromosomu ambayo bila hiyo seli haiwezi kugawanyika ipasavyo.

Kishikio cha kromosomu

Seli ya kawaida ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46 ndani ya kiini chake. Idadi hiyo ilithibitishwa na Joe Hin Tjio na Albert Levan mwaka 1956. Kabla seli haijagawanyika, kila kromosomu hujinakili, na nakala mbili hubaki zimeshikana. Kisha nyuzi nyembamba hutokea pande mbili za seli, zikazikamata nakala hizo na kuivuta kila moja upande wake, ili seli mbili zinazozaliwa zipate urithi ulio sawa.

Nyuzi hazishiki popote. Ndoo hupandishwa kutoka kisimani kwa kamba iliyofungwa kwenye kishikio. Kishikio kikivunjika, kamba itapanda na ndoo itabaki majini. Kishikio cha kromosomu ni sentromia. Chini ya hadubini huonekana kama kiuno chembamba, na wataalamu wamekifahamu kiuno hicho tangu kazi za Mjerumani Walther Flemming, aliyechapisha kitabu chake kuhusu mgawanyiko wa seli mwaka 1882.

Uvutaji huo ukikosewa, madhara yake ni ya maisha yote. Mtoto mwenye hali ya Down, mara nyingi, ana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, jambo lililoonyeshwa nchini Ufaransa mwaka 1959, kwa sababu nakala mbili hazikuachana wakati mbegu ya uzazi ilipokuwa ikitengenezwa. Mimba nyingi zinazoharibika katika wiki za mwanzo huwa na makosa ya idadi ya kromosomu. Seli za saratani nazo aghalabu hubeba kromosomu pungufu au za ziada.

Kwa hiyo sentromia ilijulikana kuwa muhimu muda mrefu kabla ya kujulikana imejengwa kwa nini. Kukiona kiuno kulikuwa rahisi. Kuzitambua protini zilizokikalia kulikuwa kazi nyingine kabisa. Protini hizo ni kidogo mno kati ya maelfu ya protini za seli, na hadubini peke yake haiwezi kuzitenga.

Jibu lililokuwa ndani ya damu

Kingamwili ni protini zinazotengenezwa na mwili ili kuvitambua vitu vigeni, kama bakteria na virusi. Sifa yake kubwa ni uteuzi: kingamwili moja hunasa umbo moja na kuyaacha mengine. Mwaka 1941 Albert Coons na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba kingamwili inaweza kuunganishwa na rangi inayong'aa chini ya mwanga maalumu. Tangu hapo kingamwili ikawa kama tochi inayojipeleka yenyewe mahali pa kumulika.

Njia inayotumika zaidi katika vipimo vya hospitali ni ya hatua mbili. Seli za binadamu hugandishwa juu ya kioo chembamba. Seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembechembe, hudondoshwa juu yake. Kama seramu ina kingamwili zinazotambua kitu chochote ndani ya seli hizo, zitakinasa na kubaki, nyingine zitaoshwa. Kisha huongezwa kingamwili ya pili, iliyopakwa rangi, inayozinasa kingamwili za binadamu. Panapong'aa chini ya hadubini ndipo kingamwili za mgonjwa zilipotua.

Kwa kawaida mtu hatakiwi kuwa na kingamwili dhidi ya viini vya seli zake mwenyewe. Wagonjwa wa skleroderma wengi wanazo. Mwaka 1980 Yasuoki Moroi, akifanya kazi na kundi la Eng Tan, mtafiti mzaliwa wa Malaya aliyehamia Marekani, pamoja na wenzao, alichapisha jambo lililokuwa jipya. Seramu za baadhi ya wagonjwa wa skleroderma hazikuking'arisha kiini chote. Ziliwasha nukta ndogo zilizotawanyika ndani ya kiini, na katika seli iliyokuwa ikigawanyika nukta hizo zilijipanga katikati pamoja na kromosomu, zikifuata viuno vyake. Kingamwili za wagonjwa zilikuwa zimetua kwenye sentromia.

Mwaka huohuo Marvin Fritzler na Douglas Kinsella, huko Kanada, walionyesha kwamba kingamwili hizi hupatikana hasa kwa wagonjwa wa aina moja ya skleroderma: ile ambayo ngozi hukaza zaidi kwenye vidole, mikono na uso, pamoja na hali ya Raynaud, shida ya umio, vijiwe vya chokaa chini ya ngozi na vidoa vyekundu vya mishipa midogo iliyotanuka. Hivyo ugunduzi mmoja ukawa na mazao mawili. Tabibu alipata kipimo, na mwanasayansi wa seli alipata chombo ambacho hakuna maabara iliyokuwa imeweza kukitengeneza.

Kutoka nukta hadi majina

Mwaka 1985 William Earnshaw, mtafiti wa seli, na Naomi Rothfield, daktari bingwa aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa skleroderma, waliuliza swali lililofuata: kingamwili hizo zinanasa protini gani hasa? Walizitenga protini za kromosomu kwa ukubwa wake ndani ya utando laini, wakazihamishia kwenye karatasi maalumu, kisha wakaipitishia seramu za wagonjwa. Mistari mitatu ilijitokeza. Protini ndogo kuliko zote, yenye uzito wa takribani dalton 17,000, ikaitwa CENP-A. Ya pili, ya takribani dalton 80,000, ikaitwa CENP-B. Ya tatu, ya takribani dalton 140,000, ikaitwa CENP-C. Hizo zilikuwa protini za kwanza za sentromia ya binadamu kupewa majina, na zote zilitambuliwa kwa damu ya wagonjwa.

CENP-A ndiyo iliyogeuka kuwa ya ajabu zaidi. DNA ndani ya kiini huzungushwa juu ya protini ziitwazo histoni, kama uzi juu ya kigurudumu. Douglas Palmer na Robert Margolis waligundua kwamba CENP-A hufanana na histoni. Ili kuipata kwa wingi walitumia manii ya ng'ombe dume, kwa sababu mbegu ya kiume inapokomaa huzitupa histoni karibu zote, lakini CENP-A hubaki. Mwaka 1991 walionyesha kwamba ni histoni ya pekee, inayopatikana kwenye sentromia. Kwa lugha nyepesi, CENP-A ni alama inayoiambia seli kwamba kishikio kijengwe hapa na si pengine.

Kwamba alama hiyo ina nguvu kuliko maandishi ya DNA yenyewe kulionekana pia kwa msaada wa kingamwili. Mwaka 1985 Earnshaw na Barbara Migeon walichunguza kromosomu X isiyo ya kawaida, iliyokuwa na sehemu mbili zenye DNA ya sentromia. Kingamwili za mgonjwa ziliwaka kwenye ile iliyokuwa ikifanya kazi. Nyingine, ingawa DNA yake ilikuwepo, ilikuwa imelala. Kisha mwaka 1993 watafiti wa Australia wakaeleza kromosomu iliyojenga sentromia mpya mahali pasipo na DNA ya kawaida ya sentromia hata kidogo. Urithi, kumbe, hautegemei maandishi peke yake. Hutegemea pia protini zinazokaa juu ya maandishi hayo.

Kingamwili zilitumika vilevile kuizuia sentromia isifanye kazi ili umuhimu wake uonekane. Mwaka 1990 kundi la Earnshaw lilichapisha majaribio ambayo kingamwili za wagonjwa zilidungwa ndani ya seli hai kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Seli zilizodungwa kabla ya kuanza kugawanyika zilishindwa kuzipanga na kuzivuta kromosomu zake. Matokeo hayo hayana maana kwamba mgonjwa anaumwa kwa sababu kingamwili zake zinavunja sentromia za mwili wake. Katika hali ya kawaida kingamwili huzunguka nje ya seli hai, wakati sentromia imefichwa ndani ya kiini, na haijathibitika kwamba kingamwili hizi ndizo zinazokaza ngozi. Ni ishara ya ugonjwa, na ishara yenye thamani.

Mgonjwa mwingine ndani ya kioo

Seli zinazotumika katika kipimo hiki kwa kawaida huitwa HEp-2. Kwa muda mrefu zilidhaniwa kuwa zilitoka kwenye saratani ya koo la sauti ya mgonjwa fulani. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha vinginevyo: ni seli za HeLa zilizoingilia chupa za maabara. HeLa ni seli zilizochukuliwa mwaka 1951 kutoka kwenye uvimbe wa saratani ya mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, mama Mmarekani Mweusi aliyefariki mwaka huohuo, bila yeye kuombwa ridhaa. Basi fundi wa maabara anapoinamia hadubini kuzitafuta nukta za sentromia, wagonjwa wawili wamekutana juu ya kioo kimoja: mmoja ametoa kingamwili, mwingine ametoa seli. Ni ukumbusho kwamba elimu ya tiba ina deni kwa watu, na kwamba ridhaa ya mgonjwa si karatasi ya kujaza tu.

Nukta zinasema nini

Kwa mgonjwa, kupatikana kwa kingamwili za sentromia kuna maana ya kivitendo. Mtu mwenye hali ya Raynaud pekee, ambaye damu yake ina kingamwili hizi, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata skleroderma baadaye kuliko yule asiyenazo. Kingamwili zinaweza kuonekana miaka kadhaa kabla ya ngozi kukaza. Aliye nazo, kwa kawaida, huwa na ugonjwa unaokwenda polepole, na mapafu yake hayaelekei sana kupata makovu. Lakini anahitaji kuangaliwa kwa jambo moja mahususi: shinikizo la damu ndani ya mishipa ya mapafu, ambalo huanza kwa kuishiwa pumzi anapopanda kilima au kubeba ndoo. Baadhi huwa pia na ugonjwa wa ini unaoshambulia mirija midogo ya nyongo.

Hata hivyo, kipimo hiki kina mpaka ambao kila mhudumu wa afya wa Kiafrika anapaswa kuufahamu. Wagonjwa wengi ambao damu yao ilitumika kukiweka kwenye vitabu walikuwa watu wenye asili ya Ulaya. Miongoni mwa Wamarekani Weusi wenye skleroderma, kingamwili za sentromia hupatikana kwa nadra zaidi, na taarifa za Waafrika Kusini Weusi, zikiwemo za Rosie Tager na Mohammed Tikly zilizochapishwa mwaka 1999, zinaelekea upande huohuo. Wagonjwa hao huonyesha zaidi kingamwili za aina nyingine, zinazonasa protini tofauti za kiini. Kwa hiyo jibu la maabara linalosema hakuna nukta za sentromia halimwondolei ugonjwa mama wa Ufipa ambaye ngozi ya vidole vyake haifinyiki. Linasema tu kwamba kingamwili hiyo moja haikuonekana.

Hili linaonya pia dhidi ya haraka ya kuamini kifaa kuliko mtu. Vipimo vingi vya kisasa havitumii tena seli nzima. Hutumia protini ya CENP-B iliyotengenezwa maabara na kuwekwa kwenye kisahani. Ni vya haraka na vizuri, lakini hujibu swali moja waliloulizwa. Anayechagua swali ni mhudumu, naye hulichagua baada ya kumwona mgonjwa.

Mkono kabla ya maabara

Hospitali ya Dk. Atiman mjini Sumbawanga imebeba jina la Adrian Atiman, aliyetekwa utotoni Afrika Magharibi akauzwa utumwani, akakombolewa, akasomea tiba Malta, na kufika Karema kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika mwaka 1889. Huko aliwatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Hakuwa na kipimo cha kingamwili. Alikuwa na macho, masikio na mikono, na hivyo vitatu bado ndivyo vipimo vya kwanza vya skleroderma.

Vigezo vya kimataifa vilivyochapishwa mwaka 2013 na vyama vya madaktari wa magonjwa ya viungo vya Marekani na Ulaya vinalithibitisha jambo hilo. Vilitungwa kwa ajili ya utafiti, lakini humsaidia tabibu kupanga mawazo. Mtu akipata alama 9 au zaidi, huhesabiwa kuwa ana skleroderma. Ngozi iliyokaza kwenye vidole vya mikono yote miwili na kuvuka vifundo vya mwanzo wa vidole kuelekea kiganjani, peke yake, hutoa alama zote 9. Kama ukakamavu uko kwenye vidole tu, ni alama 4. Makovu yaliyobonyea kwenye ncha za vidole ni alama 3, na hali ya Raynaud ni alama 3. Kingamwili zote za skleroderma, zikiwemo za sentromia, hazizidi alama 3. Kwa maneno mengine, mama wa mfano wetu, mwenye ngozi iliyokaza vidoleni, makovu ya ncha na Raynaud, ameshafikisha alama 10 kabla tone la damu halijatoka mwilini mwake.

Mazungumzo ya kulifikia hilo ni mafupi. Muuguzi kijana katika zahanati anaweza kuanza kwa heshima ya kawaida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, ukishika maji ya baridi asubuhi, vidole hubadilika rangi?"

"Hufa kabisa. Huwa kama si vyangu."

"Na ngozi hii, naweza kuifinya hapa juu ya kidole?"

Kwenye ngozi nyeusi weupe wa Raynaud haujitokezi kwa urahisi mgongoni mwa mkono. Uangaliwe kwenye viganja, ncha za vidole na chini ya kucha, na mgonjwa aulizwe kuhusu ganzi na maumivu. Kwa kutumia kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho na tone la mafuta kwenye ngozi ya mzizi wa kucha, tabibu anaweza kuiona mishipa midogo iliyotanuka au kupotea. Kwa Waafrika huonekana pia madoa yenye nukta nyeusi na nyeupe zilizochanganyika, hasa kifuani, mgongoni na usoni.

Madoa hayo, pamoja na vidole vinavyopinda na vidonda visivyopona, huweza kumfanya mtu adhaniwe kuwa na ukoma. Tofauti kubwa iko kwenye hisia. Doa la ukoma hupoteza hisia ya mguso, na mishipa ya fahamu huweza kuvimba. Ngozi ya skleroderma hukaza lakini huhisi. Pamba nyembamba iliyosokotwa inatosha kuonyesha njia. Ukoma una tiba ya dawa mseto inayotolewa bila malipo, kwa hiyo kosa la upande wowote lina gharama: mmoja hukosa dawa inayoponya, mwingine hunywa dawa isiyo yake.

Swali la kazi lisiachwe. Mwaka 1957 tabibu L. D. Erasmus alieleza skleroderma kwa wachimbaji wa dhahabu wa Witwatersrand, Afrika Kusini, na tangu hapo vumbi la mawe yenye silika limetambuliwa kuwa linaongeza hatari. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake, lakini mwanamume aliyesaga mawe ya dhahabu Mpanda au Chunya, mwenye vidole vinavyokaza, anastahili kuulizwa na kuchunguzwa vilevile.

Kinachoweza kufanyika leo

Hakuna dawa inayoufuta ugonjwa huu, ila yako mengi yanayozuia madhara yake, na sehemu kubwa yako ndani ya uwezo wa kituo cha afya.

- Mwili wote upashwe joto, si mikono tu: sweta, soksi, kofia na glavu. Maji ya kuoshea vyombo yapashwe kidogo. Mikono yenye ganzi isiwekwe juu ya makaa, kwa kuwa huungua bila mwenyewe kujua, na jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa.
- Tumbaku iachwe kabisa, kwani huibana mishipa ya damu.
- Nifedipini, dawa inayojulikana kwa shinikizo la damu, hupunguza mashambulizi ya Raynaud. Propranololi na dawa za jamii yake huweza kuyazidisha.
- Vidonda vya vidole visafishwe na kufunikwa mapema. Visichanjwe wala kupakwa dawa zinazounguza.
- Kwa kiungulia, omeprazoli, milo midogo, kutokula karibu na kulala, na kuinua upande wa kichwa wa kitanda.
- Shinikizo la damu lipimwe kila hudhurio. Kupanda kwake kwa ghafla, pamoja na maumivu ya kichwa au upungufu wa mkojo, ni dharura ya figo. Dawa za jamii ya kaptopirili huokoa maisha. Prednisoloni kwa dozi kubwa huongeza hatari hiyo, kwa hiyo isitolewe kama dawa ya maumivu ya viungo kwa mtu mwenye ngozi inayokaza.
- Kuishiwa pumzi, kikohozi kikavu kisichokoma au miguu kuvimba ni sababu ya rufaa kwa ajili ya kupimwa moyo na mapafu.

Rufaa yenyewe si safari nyepesi. Kutoka Sumbawanga hadi Mbeya, kupitia Tunduma, ni zaidi ya kilomita 300. Ndiyo maana barua ya rufaa inapaswa kubeba kilichoonekana: vidole vilianza lini, ngozi imekaza hadi wapi, shinikizo la damu ni kiasi gani. Seramu iliyotengwa vizuri na kuhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 huweza kusafiri badala ya mgonjwa kwa hatua ya kwanza. Na pale mgonjwa anaporidhia, majibu yake yakiandikwa na kutunzwa, yatasaidia kujibu swali ambalo vitabu vya ugenini haviwezi kulijibu: wagonjwa wa nyanda hizi wana kingamwili zipi?

Miaka zaidi ya 40 iliyopita wagonjwa waliokuwa wakiogopa maji ya baridi walinyoosha mikono, wakatolewa damu, na damu hiyo ikaonyesha mahali ambapo kila kromosomu hushikwa. Mama wa Ufipa anaponyoosha mikono yake juu ya meza ya zahanati, hahitaji kulijua jina la CENP-A. Anahitaji mtu wa kuishika mikono hiyo, kuifinya ngozi yake kwa upole, kumwambia kwamba hakurogwa, na kuandika kwenye daftari jina la ugonjwa wake.